Kadi Iliyobaki Katika Bati la Mwalimu Kioo

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili ya kufundisha Kiingereza katika shule hii, Mwalimu Kioo atastaafu Ijumaa, tarehe 29 Novemba, saa nane kamili mchana. Saa imetajwa kwa sababu yeye mwenyewe ameitaja. Kipindi chake cha mwisho kinaisha saa nane kasorobo, na ile robo saa inayobaki ataitumia kufuta ubao. Hajawahi kumwachia mwenzake ubao mchafu, na amesema hataanza uzeeni.

Wasifu huu umeandikwa na katibu wa Chama cha Kiingereza, mwanafunzi wa kidato cha tatu, na si na mmoja wa walimu kama ilivyo desturi. Sababu itaelezwa mbele. Kwa sasa inatosha kusema kwamba Mwalimu alikubali kuagwa kwa sharti moja tu, nalo ni kwamba maneno ya kumuaga yasomwe kwanza langoni, mbele ya mlinzi wetu, ambaye wote tunamwita Afande.

Kuna jambo la pili ambalo msomaji anapaswa kulijua tangu mwanzo. Mwalimu ana bati la biskuti ambalo halijawahi kuonekana likiwa na biskuti. Ndani yake mlikuwa na kadi ishirini na nne, kila moja ikiwa na neno moja la Kiingereza. Hadi wiki iliyopita, kadi ishirini na tatu zilikuwa zimepata wenyewe. Moja ilikuwa bado imelala humo, na Mwalimu hakuficha kwamba inamsumbua. “Mwalimu anayerudi nyumbani na neno mfukoni,” alituambia, “ni kama mpishi anayerudi nyumbani na chakula cha wageni. Ama wageni hawakuja, ama yeye hakupakua.”

Alifika hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Mizigo yake ilikuwa mkoba wa nguo, bati hilo, na kitambaa cheupe cha kufutia. Mwalimu mkuu wa wakati ule alipokiona kitambaa alidhani ni cha mtoto mchanga, akamwuliza mtoto mwenyewe yuko wapi. Alijibiwa kwamba watoto wako darasani, na kama inawezekana aonyeshwe njia.

Alipewa darasa namba nne, ambalo lina dirisha moja kubwa la vioo vinane. Vioo vyote vilikuwa na vumbi la miaka. Waliokuwepo siku hiyo wanasimulia kwamba aliingia bila kusema neno, akachovya kitambaa kwenye ndoo, akasugua kioo kimoja tu mpaka kikalia. Kisha akamwita kijana wa dawati la mbele, akamsimamisha mbele ya kioo kichafu, akamtaka aseme anachokiona nje. Kijana alikaza macho, akasema anaona ng'ombe amelala. Akasogezwa kwenye kioo kisafi. Ng'ombe akawa pikipiki ya mwalimu wa hesabu, imefunikwa turubai.

Darasa lilipomaliza kucheka, Mwalimu aliandika ubaoni neno moja, *lucid*, akasema kwamba sentensi ikiwa hivyo, msomaji haoni kioo, anaona pikipiki. Lilikuwa somo la dakika kumi na moja. Jina la Mwalimu Kioo lilizaliwa kabla ya kengele kulia, na halijawahi kumwacha. Yule kijana sasa ni fundi wa pikipiki mjini, na huwaambia wateja wake kwamba yeye alianza kuziona darasani.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake kwa miaka yote. Mwanafunzi haruhusiwi kuliandika neno ambalo hajaliona kwa macho yake. Shule za jirani zilikariri maneno mia mbili kwa muhula, sisi tulijifunza saba. Wazazi walinung'unika. Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe amekaa wiki nzima na neno moja kama mtu anayeuguza mgonjwa. Mwalimu alimwomba mtoto amweleze baba yake hilo neno. Mtoto alieleza, baba akaelewa, akaondoka nalo. Inasemekana alilitumia kwenye kikao cha ukoo na wakamchagua mwenyekiti.

Kati ya maneno yote ya Kiingereza, aliyoyapenda zaidi ni yale ya bati, na aliyagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza aliliita maneno ya mdomo. Hayo ni ya mtu anayesema mpaka mwingine anaona: *lucid*, *limpid*, *perspicuous* na ndugu zao. Fungu la pili aliliita maneno ya jicho. Hayo ni ya mtu anayeona kilichofichika kabla hajaambiwa: *astute*, *incisive*, *trenchant*, na lile refu kuliko yote, *perspicacious*. Alitufundisha kwamba mdomo bila jicho ni redio, na jicho bila mdomo ni paka. Paka anajua kila kitu kinachoendelea nyumbani, lakini nani amewahi kufaidika?

Kadi haikutolewa kwa mtihani. Ilitolewa kwa mtu aliyelitenda neno lenyewe, awe mwanafunzi, mwalimu au mfanyakazi yeyote, na ikishatolewa hairudi.

Sasa tueleze habari ya lango. Katika mwaka wake wa pili hapa, shule haikuwa na tangi la maji. Mwalimu mkuu aliandika barua ya Kiingereza kwenda ofisi ya elimu, kurasa tano, kazi ya siku tatu. Wanasema ilikuwa barua nzito hata kuishika. Baada ya miezi miwili jibu likaja, mistari miwili tu: “Tumepokea salamu zenu kwa furaha kubwa. Nasi tunawatakia vivyo hivyo.”

Mwalimu Kioo aliomba barua ile iandikwe upya na wanafunzi wa kidato cha pili. Alitafuta mtu wa kuipima, mtu asiyejua Kiingereza, asiyeogopa mwalimu na asiyetaka kumfurahisha yeyote. Akamkumbuka Afande, ambaye wakati huo alikuwa na miezi minne tu kazini, ndevu zikiwa bado zinajiuliza kama zitoke.

Afande ana daftari la wageni. Katika daftari hilo kuna safu ya sababu ya kuja, nayo ina upana wa vidole vitatu. Tangu siku yake ya kwanza aliamua kwamba mgeni ambaye sababu yake haienei katika vidole vitatu hajui kilichomleta, na asiyejua kilichomleta abaki nje mpaka ajue. Hana ubaya na mtu. Anakupa na kigoda ukae ufikiri.

Wanafunzi walimsomea barua yao mpya kwa Kiswahili. Sentensi ya kwanza alisema haijaingia. Ya pili alisema inaingia ila imekanyaga mstari wa jirani. Walirudi darasani, wakakata, wakarudi tena langoni mara sita. Mwishowe ikabaki barua ya sentensi nne. Ilitafsiriwa kwa Kiingereza chepesi kama ilivyo, ikatumwa, na tangi likafika baada ya wiki tatu. Lipo mpaka leo nyuma ya bwalo, na neno *lucid* limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe na mkono wa mtoto ambaye hakupima nafasi, kwa hiyo herufi ya mwisho imezunguka upande wa pili.

Tangu hapo, kila insha, kila hotuba na kila tangazo la Chama cha Kiingereza limepitia langoni. Anayetaka kulitumia neno kubwa lazima alieleze kwa Afande mpaka Afande atoe mfano wake mwenyewe. Kwa njia hiyo Afande, ambaye hasemi Kiingereza, anazijua maana za maneno ya bati kuliko wengi wenye vyeti.

Siku moja alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Ilikuwa siku ya hatari, kwa maana alikuja na malalamiko mkononi kwamba kuna mwalimu anafundisha maneno saba tu kwa muhula, na maneno ya chini chini yalisema kwamba Mwalimu atahamishwa. Pale langoni Afande alimwuliza kilichomleta. Mkaguzi alisema amekuja kuendesha tathmini shirikishi ya mwelekeo wa utoaji wa huduma ya ufundishaji na ujifunzaji. Afande alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, akaandika kwenye safu yake: “Hajajua bado.” Akamletea kigoda.

Mkaguzi alikaa nje dakika arobaini. Kwanza alikasirika, kisha akachoka, kisha, kwa maelezo ya Afande, akaanza kufikiri. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, “Nimekuja kuona mnavyofundisha.”

“Sasa umesema, mzee. Karibu sana,” Afande akamjibu, akafungua geti lote, mabawa mawili, kama linavyofunguliwa kwa mgeni rasmi.

Mkaguzi aliingia darasa namba nne na kukaa nyuma vipindi viwili badala ya kimoja. Ripoti yake ilikuwa na sentensi moja kuhusu Mwalimu Kioo: “Aachwe alipo.” Mkaguzi alipewa kadi ya *perspicuous*, neno la usemi ulio wazi, siku hiyo hiyo, na wanaomfahamu wanasema ameiwekea fremu.

Kadi nyingine nazo zina visa vyake. Ya *lucid* alipewa mama wa jikoni, siku kuni zilipolowa na wanafunzi mia nne wakawa wanagonga sahani. Mwalimu wa zamu alikuwa ameshahutubia robo saa kuhusu subira, na kelele zikazidi. Mama wa jikoni alitoka na mwiko, akasema, “Wanangu, maharage ni mabichi. Mkila sasa, foleni itahamia chooni.” Bwalo likanyamaza.

Ya *incisive*, neno la jicho linalokata hadi kwenye kiini, alipewa msichana mmoja mkimya siku ya mdahalo uliokuwa na hoja kwamba kalamu ni bora kuliko jembe. Upande wa kalamu ulikuwa umetamba saa nzima. Msichana akanyoosha mkono, akauliza swali moja: msemaji mkuu wa kalamu alikula nini asubuhi? Mdahalo ukafia hapo. Na ya *trenchant*, neno la ukali usiozunguka, alipewa mwanafunzi aliyemwambia Mwalimu mwenyewe, mbele ya darasa, kwamba leo amesema sana lakini hatujaona kitu. Darasa zima liliinamisha vichwa likisubiri radi. Mwalimu alifungua bati, akampa kadi yake, akafuta ubao na kuanza somo upya.

Mume wake, ambaye ni fundi saa, ametusimulia kwamba uchumba wao ulikwenda kwa mtindo huo huo. Alimwandikia barua ya kurasa tatu, ikarudi imepigiwa mistari myekundu, na mwishoni swali: “Unataka nini hasa?” Alijibu kwa maneno mawili: “Nakutaka wewe.” Mwaka huu ndoa ina miaka thelathini na tatu, binti yao ni nesi, na wajukuu wawili tayari wanafuta madirisha.

Ikabaki *perspicacious*. Mwalimu alilieleza kuwa ni neno la mtu mwenye jicho linalopenya, anayeona kile ambacho mwenzake amekificha, tena asikose. Alikuwa mchoyo nalo. Mwalimu mkuu mmoja aliyepita aliwahi kumdokeza mara tatu kwamba yeye huona mbali. Mwalimu alimjibu kwamba kuona mbali ni jambo la miwani.

Wanafunzi nao walijaribu. Miaka sita iliyopita kidato cha tatu kiliunda kikundi cha upelelezi kwa ajili ya kadi hiyo tu. Waligundua kwamba mwalimu wa hesabu amevaa shati lililopigwa pasi, amenyoa, na anatabasamu peke yake. Wakatangaza mstarini kwamba anaoa, wakamwimbia na kumpa maua. Kumbe alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kazi shule nyingine. Mwalimu mkuu alizijua habari hizo hapo mstarini, na mwalimu wa hesabu akaikosa kazi yenyewe. Kadi haikutoka batini, ila Mwalimu Kioo alisema tukio hilo limemfundisha tofauti ya kuona na kuchungulia.

Miaka miwili iliyopita, mambo kadhaa yalibadilika shuleni, na kila mtu alikuwa na maelezo yake.

La kwanza, Mwalimu aliacha kukusanya madaftari. Badala yake kila mwanafunzi alisoma insha ya mwenzake kwa sauti, na Mwalimu akasikiliza, mara nyingi amefumba macho. Tuliamini ni mbinu mpya. Walimu wawili wa shule ya jirani walikuja kujifunza, wakaandika kwa makini kwamba mwalimu afumbe macho. Tumesikia mbinu hiyo imepokelewa vizuri kwao, ingawa wawili wamekutwa wamelala.

La pili, Afande alianza kupaka chokaa. Kutoka langoni hadi darasa namba nne kuna ngazi kumi na mbili. Alizipaka kingo zote rangi nyeupe, na kila mwisho wa mwezi alizirudia. Alipoulizwa alisema ni usafi. Shule yetu ikapata cheti cha mazingira bora, na mwalimu mkuu akatoa hotuba nzuri kuhusu uongozi wake.

La tatu, pipa la taka la bluu lililokuwa karibu na lango lilihamishiwa nyuma ya jiko bila maelezo. Mama wa jikoni alilalamika juu ya harufu. Afande alimwomba radhi na hakulirudisha.

La nne lilichekesha zaidi. Afande alianza kutangaza watu. Mtu akitokea tu kwenye njia ya ngazi wakati Mwalimu yuko karibu, utasikia, “Mwalimu wa sayansi huyo anashuka, na mwavuli wake!” au “Makamu huyo anakuja, leo koti la bluu kama kawaida!” Makamu wa mwalimu mkuu hakupenda. Alimwambia Afande kwamba hapa si uwanja wa mpira. Afande alijibu kwamba ulinzi ni taarifa. Wengi tulidhani anajiandaa kwenda kutangaza redioni, na kuna waliomtania kwa kumshikia ndizi kama kipaza sauti.

Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo manne. Hata kikundi cha upelelezi, ambacho kimerithiwa na wadogo zao, hakikuona kitu.

Tukaja kwenye mwezi huu wa kuaga. Kwa desturi, wasifu wa mstaafu huandikwa na Makamu, naye aliuandika kwa moyo wake wote. Ulikuwa na maneno kama nguli, nguzo, lulu, hazina isiyokauka na taa isiyozimika. Kwa mujibu wa sharti, ukasomwa langoni. Afande alivua kofia. Usomaji ulipokwisha alisema kwa huzuni, “Poleni sana. Amefariki lini?”

Makamu, ambaye ni muungwana, alicheka kabla ya wote, kisha akapendekeza kazi apewe mwanafunzi. Ndivyo ilivyomfikia katibu wa Chama. Rasimu ya kwanza ilisomwa langoni Jumatano iliyopita, saa tisa alasiri. Afande alikuwa kwenye kiti chake, Mwalimu kwenye kigoda cha wageni, bati likiwa mapajani.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye habari ya insha za kusomwa kwa sauti, ambayo rasimu iliiita mbinu bunifu ya ufundishaji.

“Hapo sijaelewa,” Afande akasema.

Ikasomwa tena.

“Nimesikia, binti. Ila hiyo siyo mbinu.” Akamtazama Mwalimu, kisha akatazama daftari lake. “Basi. Endelea tu.”

Lakini Mwalimu alikuwa ameinua mkono, kama anavyoinua darasani akisikia sentensi iliyoficha kitu. “Umejua lini, Afande?”

Afande alijikuna kidevu. “Tangu ile asubuhi ulipolisalimia pipa la taka. Ulisimama, ukainama kidogo, ukasema, ‘Habari za asubuhi, Makamu.’ Nikasubiri kidogo nikidhani mzaha. Ukaliuliza na hali ya watoto.”

Mwalimu aliziba mdomo kwa kitambaa chake. Haikujulikana mara moja kama analia au anacheka, mpaka alipouliza, “Lilinijibu?”

“Halikujibu. Ndiyo maana nikalihamisha. Pipa lisilo na adabu.” Makamu amesoma sehemu hii na ameruhusu ibaki.

Ndipo tulipojua, na Mwalimu mwenyewe ametaka iandikwe hapa, tena wazi. Ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Binti yake nesi alimpeleka hospitali miaka miwili iliyopita, na daktari akataka amfanyie upasuaji na apumzike kazi. Lakini kidato cha tatu cha wakati ule ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza safari ya mtihani wa mwisho, na hapakuwa na mwalimu mwingine wa kukipokea. Aliogopa kwamba akisema, ataondolewa mapema na watoto wabaki njiani. Akaamua kusubiri. Vitabu alikuwa anavijua kwa moyo, sauti zetu alikuwa anazijua moja moja, na yaliyobaki alidhani ameyaficha vizuri.

“Mbona hukuniambia kwamba unajua?” alimwuliza Afande.

“Ningekuambia, wewe ungesema nini, Mwalimu? Ungekana. Halafu tungekuwa na kazi mbili, wewe ya kukana na mimi ya kuitikia. Wewe ulikuwa na watoto wa mtihani. Mimi nilikuwa na chokaa.”

Mwalimu akafungua bati. Hakuhitaji kuitafuta kadi, kwa kuwa ilikuwa peke yake. Aliishika kwa mikono miwili na kuinyoosha mbele, kidogo kushoto ya mahali Afande alipokuwa, na Afande akasogeza kiti chake mpaka akawa mbele yake.

Aliipokea, akaikagua kama anavyokagua vitambulisho, mbele na nyuma. “Refu hili,” alisema. “Haliingii kwenye daftari langu.”

“Nijaribu.”

“Haya. Wewe ni mgeni. Sababu ya kuja kwa hili neno? Vidole vitatu.”

Mwalimu Kioo, ambaye kwa miaka thelathini na moja amewatuma mamia ya watoto kusimama mbele ya daftari lile, alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema neno moja tu.

“Uliona.”

Afande akafungua daftari, akaandika, akageuza tuhakikishe. Lilikuwa limeingia, na nafasi ya kidole kimoja ilibaki.

Mtihani wa kidato cha nne umekwisha, na matokeo yatakuja kwa wakati wake. Upasuaji wa jicho la kwanza ni Jumatatu, tarehe 9 Desemba. Mwalimu amesema hana wasiwasi nao, maana amelea watoto wa kila aina hapa, na huyu wa jicho naye ni mtoto tu, atafundishwa adabu. Daktari ameeleza ugonjwa wake kwa sentensi tatu, na Mwalimu amesikitika kwamba kadi zimekwisha.

Bati lenyewe, sasa likiwa tupu, ameliacha kwa Chama cha Kiingereza. Tumekata kadi mpya ishirini na nne, nyeupe, bila maneno bado. Kitambaa kimetundikwa kwenye msumari wa darasa namba nne, na vioo vyote vinane ni visafi. Yupo mmoja wetu anayefika mapema kidogo kuviangalia, akitumaini kwamba siku moja atapewa darasa hilo kufundisha.

Rasimu ile ilimalizika kwa maneno yaliyozoeleka ya kumtakia mstaafu maisha mema. Afande alikataa. Alisema maneno hayo ni ya kila anayetoka getini, hata fundi wa bomba alitakiwa hayo hayo na bomba bado linavuja. “Mwambie la kwake,” aliagiza. Kwa hiyo tumeandika la kwako, Mwalimu, na limepita langoni mara ya kwanza bila kukanyaga mstari wa jirani.

Asante kwa kutufutia kioo. Tunakutakia daktari mwenye mkono mwepesi, asubuhi utakayoziona sura zetu na kucheka, na ngazi zenye kingo nyeupe kila utakapopanda.